Heroe

Leo binti mmoja kaingia dukani kwangu,
hapa Nakuru, nyuma ya korti,
akaomba karatasi mia mbili za pinki
za kadi za harusi.
Nikamuuliza, "Za heroe?"
Akanitazama kana kwamba nimemtajia ndege.

Nilikuwa nimemtajia ndege.
Ila si yule wa ziwani peke yake.

Kitabu cha karani Onsare
kilikuwa na kurasa tatu kwa kila jambo,
na kaboni katikati.
Nyeupe ilipanda gari moshi kwenda Nairobi,
ya manjano ililala failini,
ya tatu, ya pinki,
ile ambayo maandishi huifikia yamekwisha choka,
ndiyo aliyopewa mwenyewe.
Hakuna aliyeichagua rangi hiyo kwa ukatili.
Ilikuwa ya mwisho kitabuni, basi,
na mwenyewe naye
alikuwa wa mwisho kusoma habari zake.

Nani aliyeanza kuiita heroe?
Watu wa Bondeni husema ni wao.
Wa Kaloleni wanakataa: ni Nasipwondi,
mpepeta pareto, siku alipoipokea
akaipeperusha juu ya magunia, akasema,
"Kumbe hawa ndege hufika mpaka huku?"
Wakacheka, hata karani akacheka,
na neno likaota miguu,
ile miguu mirefu myembamba,
likatoka getini likitembea.

*Fulani kapewa heroe.
Heroe wametua idara ya kukausha.
Mwezi huu ziwa limejaa.*

Nilikuwa na miaka saba. Nilielewa nilivyoelewa.
Baba alirudi saa nne asubuhi,
vumbi la pareto bado kwenye nyusi.
Mama akauliza, "Umepewa?"
"Heroe," akajibu, akakaa kizingitini.
Nikakimbilia baiskeli,
nikachungulia kwenye keria, ndani ya kikapu,
chini ya koti la mvua.
Nikatia chumvi kwenye karai la maji,
maana mwalimu alitwambia ndege hao hupenda magadi.
Hakuna aliyenikataza.
Karai lilikaa uani siku tatu.
Kuku wa Mama Chelagat waliyanywa maji yale
wakaharisha, tukagombana mpaka Krismasi.

Karatasi yenyewe niliiona nikiwa mkubwa,
imekunjwa ndani ya cheti cha ubatizo.
Erasto Mabonga, yasema,
ila kaboni ilimgeuza Mabunga,
kwa hiyo hata kufukuzwa
alifukuzwa kwa jina la mtu mwingine.
Nyuma yake, kwa penseli ya kiwanda
ambayo hakuirudisha:

*Nimepewa ndege mwema, hali wala hanywi maji,
Hana kinywa cha kusema, lakini ni msemaji,
Asema kazi yakoma, kwangu haina hitaji,
Rangi yake yapendeza, njaa haijui rangi.*

Ubeti mmoja tu.
Penseli ilikwisha, au yeye.

Kisha ziwa likapanda,
likameza lango la mbuga, likameza barabara,
chumvi ikazimuliwa, na ndege wengi
wakajiendea Bogoria bila barua.
Neno nalo likawafuata.
Mwanangu alipoachishwa kazi mwaka jana
simu ilitetemeka mezani karibu na sahani,
mara moja, kama inzi aliyegonga kioo.
Akasoma, akaendelea kula.
Nilimwomba anionyeshe.
Herufi safi, jina sawasawa,
rangi hakuna,
na nyuma hapana pa kuandika.

"Mama, ni pesa ngapi?" binti anauliza.
Nimemweleza nusu tu ya haya, labda robo;
ana haraka, ana kamati saa nane.
Namhesabia kwa kidole kilicholowa:
mia mbili na moja.
Nazihesabu tena. Mia mbili na moja.
Naishika ile ya ziada, naigeuza,
nyuma yake ni tupu, laini, haina kosa lolote.

Nimeirudisha kwenye bunda lake.
"Chukua," nikamwambia, "kuna mgeni
ambaye hukumkumbuka."